Mke Mwenzangu Aliyezikimbia Nguzo

Mke mwenzangu hakuwa mzuri wa sura. Nalisema hilo mwanzo ili nilimalize, kwa sababu watu wakisikia mume wa mtu kaongeza mke, jambo la kwanza wanalotaka kujua ni hilo, na mimi nimeulizwa mpaka nimechoka. Alikuwa mrefu, mkavu, ana mwanya ambao hakujua kuutumia. Mwanya mzuri vile angepewa mwanamke mwingine, mtaa mzima ungekoma. Yeye alikuwa akicheka kafumba mdomo.

Jina lake naliacha. Kwetu Tandika hakuna aliyemwita kwa jina. Wote walisema Bi Mdogo, nami siku hiyohiyo nikawa Bi Mkubwa, jina linalomzeesha mtu kabla hajakubali. Kwao ni Kusini, na zaidi ya hapo sikuuliza, maana ukishamuuliza mtu habari za kwao umeanza kumkaribisha.

Kazi yake ilikuwa kukodisha umeme. Alikuwa na masanduku ya betri, kila moja na inveta yake ya kuugeuza umeme humohumo ndani na matundu ya kuchomekea pembeni, pamoja na paneli za sola anazozikunja na kuzipakia kwenye guta. Alikwenda mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika: kwenye viwanja vipya watu wanapoanza kujenga, kwenye mabanda ya kuku, kwenye misiba ya huko porini. Fundi mwenye grenda yake anakodi sanduku asubuhi. Likiisha analetewa jingine, na lile linarudishwa kwenye paneli kula. Kula ni neno lake. Betri kwake hazikuchajiwa. Zilikula, zilishiba, zilichoka, na nyingine zilikuwa vivu asubuhi mpaka uzibembeleze.

Mume wangu alikuwa fundi mkuu wa ujenzi. Walikutana Mbweni, kwenye nyumba ya tajiri mmoja mwenye haraka ya kuhamia, siku ambayo jenereta la saiti liligoma na mafundi wakakaa juu ya matofali wakila miwa. Jioni alinisimulia mwenyewe, huku anakula, namna mwanamke mmoja alivyofika na guta, akafungua sanduku, akachomeka waya, na kazi ikaendelea bila moshi wala mngurumo. "Yaani, mama Zuhura, unasikia grenda tu. Umeme wenyewe husikii." Nikamwongezea mchuzi. Kumbe siku ile nilikuwa nasikiliza posa ya mwenzangu.

Nataka ieleweke nilichokuwa nakipigania. Si fedha, na wala si zamu. Zamu mume wangu aligawa kwa haki, siwezi kumsingizia. Nilichotaka ni uzee wake. Ujana wa yule mtu niliubeba mimi, ule wa kurudi na saruji kwenye nyusi na hasira za kutwa nzima. Uzee wake, akiwa katulia barazani na kofia yake na kikombe cha kahawa, hana wa kumfokea, huo niliuona kuwa ni malipo yangu. Kwa hiyo miaka yote ile nililala na swali moja na kuamka nalo: huyu bwana atazeekea kwa nani?

Mara ya kwanza nilikwenda kumwona Bi Mdogo bila kualikwa. Alikuwa amejengewa nyumba ndogo Kibamba ya ndani, huko ukiiacha barabara ya Morogoro unapanda bodaboda mpaka vumbi likuingie masikioni. Nikamkuta uani, paneli zimepangwa chini kama samaki wanaoanikwa. Nikasimama mbele yake, mikono kiunoni, maneno nimeyapanga tangu Tandika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikaitikia, kwa sababu shikamoo hata ya adui huitikiwa.

"Samahani, naomba utoe kivuli."

"Nitoe nini?"

"Kivuli, dada. Umeifunika hiyo ya mwisho. Sogea kidogo tu. Hapohapo. Ahsante."

Nikasogea. Baadaye nilikuja kujua kwamba kivuli cha mkono mmoja kikiangukia pembe ya paneli, paneli nzima inanuna, na kwamba neno lile alimwambia kila mtu. Alimwambia mjumbe wa mtaa. Alimwambia shehe aliyekuja kuomba sanduku kwa ajili ya spika za maulidi, na shehe akasogea na joho lake. Lakini siku ile sikuyajua hayo, nilijua tu kwamba ukishasogea pembeni kwa amri ya mtu, ugomvi unakosa pa kusimama. Akaniletea kigoda na maji, akaendelea kugeuza paneli zifuate jua, na maneno yangu nikarudi nayo nyumbani mazima.

Sasa mwanamke huyo aliyekula kwa jua alikuwa hataki jua limguse. Hakutoka bila mwavuli. Uso alipaka liwa tangu asubuhi, akazunguka saiti za watu akiwa mweupe usoni kama mwali wa ndani, na mafundi wakamzoea. Nilimwuliza mbona analikimbia jua lililo bwana wake. Akasema, "Jua ni la kazi, dada, sio la kuota." Mimi ninayeanika mpunga wangu kichwa wazi nikajiona mshamba.

Na nyumbani kwake kulikuwa giza. Hilo lilinifurahisha sana mwanzoni. Masanduku yote yakiwa yametoka, yeye alibaki na koroboi, mwanga wa kuungulia vidole, na simu yake mwenyewe mara nyingi ilikuwa imezima. Nikamwambia mganga hajigangi. Akajibu huku anamenya mihogo, "Sasa nikijiwashia mie, nani ataniambia ahsante?" Sikujua nicheke au nimwonee huruma, nikachukua kisu nikamsaidia kumenya.

Mkono wake ulifungwa na kufunguka kwa namna ambayo sikuielewa. Msibani alipeleka sanduku bure, akakaa na wafiwa mpaka arubaini ikasomwa. Lakini vigodoro alivikataa katakata, hata uje na nani. Alisema ngoma ile inazikausha betri na watu wanazikalia. Basi siku moja nafika kwake mapema, sijapiga hodi, namwona anafuta paneli kwa kitambaa cha maji, simu kaichomeka kiunoni, singeli inalia, na yeye anaicheza peke yake, kiuno kinapita kote kinakotakiwa kupita. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Nimefundwa na somo wangu na nimecheza mbele za watu tangu usichana, lakini sijawahi kucheza nikiwa na furaha ile. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikapiga hodi upya.

Kuna neno lake lingine lililokuwa likinikera kuliko yote. Mafundi wakigombania sanduku lililobaki, mmoja akisema saiti yake ni ya mkubwa fulani, Bi Mdogo alisema, "Jua halina mkubwa. Aliyefika kwanza achukue." Alilisema hata mimi nikiwa nimekaa palepale na ubi mkubwa wangu. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, nimelelewa katika nyumba ambazo mtu haambiwi neno kavu, nikalipokea kama fumbo, nikaliweka.

Fumbo la pili lilikuja mlangoni kwangu. Siku ya ndoa ya binti yangu Zuhura umeme ulikatika tangu asubuhi. Wakwe wamekaa sebuleni wanajipepea kwa mikono, juisi ya ukwaju inapata joto, shehe anauliza kuhusu kipaza sauti. Mume wangu akapiga simu Kibamba. Baada ya muda guta likafika, na juu yake sanduku limefungwa kanga mpya, nyekundu, maandishi yametazama nje: RAHA YANGU ISIKUNYIME USINGIZI.

Shangazi yangu huisoma kanga kabla hajamtazama aliyeivaa. Akashika kifua.

"He! Mwanangu, umetukanwa mlangoni kwako! Mbele ya wakwe!"

"Shangazi, pengine imetokea tu."

"Kanga haitokeagi tu. Kanga inanunuliwa!"

Nikaligeuza sanduku maandishi yatazame ukutani. Feni zikazunguka, juisi ikapoa, na mama mkwe wa Zuhura akasema kwa sauti kwamba mke mwenzangu ana moyo, kumletea mwenziwe kitu kama kile. Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Yeye mwenyewe hakuja. Alituma salamu kwamba ana watu wengi wa kuwahudumia, na hilo nalo tukalijadili jikoni na shangazi mpaka wali ukashika chini.

Tangu hapo vita ikaanza. Nilikwenda Kariakoo nikachagua doti kwa maneno tu, rangi sikuitazama, nikanunua KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. Nikaivaa, nikapanda mpaka Kibamba, nikampitia mbele mara mbili nikigeuka ili asome nyuma. Akaacha waya alizokuwa nazo mkononi.

"Dada, we! Hiyo kanga umeipata duka gani?"

"Kwa nini?"

"Rangi yake. Naitaka."

Nikasema moyoni, huyu hana haya. Nikarudi safari nyingine na WA MWANZO HANA MFANO. Hiyo nayo akaisifia. Safari ya tatu ndipo nilipokuta sanduku lake kubwa kuliko yote limevalishwa Kikulacho, ileile, limefungwa vizuri, limeachwa wazi upande mmoja tu wa kupumulia. Nikiwa bado nimesimama, fundi mmoja akapiga kelele kutoka kiwanja cha jirani:

"Bi Mdogo! Kikulacho kaisha!"

"Nakuletea Raha Yangu!"

"Raha Yangu si kaenda Mbweni?"

"Basi mchukue Wa Mwanzo. Lakini usimwashie grenda mbili kwa mpigo, atazima huyo!"

Wote wakaendelea na kazi zao, na mimi nikakaa kwenye kigoda. Yale yalikuwa majina ya masanduku. Yote yalifanana, namba alizoziandika mwanzo zilifutika kwa saruji na mafundi walizisahau, lakini hakuna Mswahili anayesahau maneno ya kanga. Na kitambaa kililikinga sanduku na jua na vumbi. Alizinunua kwa rangi. Maneno aliyasoma baadaye, kama aliyasoma kabisa.

Hata hivyo sikuachia. Nikamwuliza, "Ile siku ya ndoa ya Zuhura, lile la Raha Yangu. Ulilituma makusudi?"

"Makusudi kabisa, dada."

Nikajiweka sawa kwenye kigoda. Nikasema, ehe, leo limepatikana.

"Ndilo lenye feni ya kimya," akasema. "Mengine yanavumavuma. Nikawaza shehe anasoma hutuba, sanduku linamjibu. Aibu."

Nilitamani angekuwa amenitukana. Matusi yana heshima yake. Mtu hakutukani mpaka awe amekaa akakufikiria. Shangazi nilipomweleza hakukubali. Alisema huyo ni mjanja, anajifanya, na mpaka leo shangazi anasadiki hivyo. Namwonea gere shangazi kwa imani yake hiyo.

Kitu kilichoniumiza zaidi kilikuwa lugha. Mwanamume anaweza kurudi nyumbani na harufu ya mwanamke mwingine ukamwogesha, ikaisha. Lugha haiogeshwi. Mume wangu alianza kuongea kama yule. Akichoka anasema, "Niache kidogo, nimebaki robo." Akishiba anasema amejaa. Siku moja Zuhura alikuja na mtoto wake analia kitandani bila sababu, babu yake akasema, "Msogezeni juani ale kidogo," wote wakacheka na mimi nikaenda kutoa vyombo. Na kuna mara moja tulipogombana kwa jambo la kipuuzi akaniambia, kwa utani wake, "Wewe mama Zuhura unanguruma kama jenereta." Nilimnunia siku ile na iliyofuata. Hakujua kosa lake liko wapi.

Mimi nyumbani nilikuwa na umeme wa nguzo. Nilikuwa na friji, na feni ya darini, na luku haikuniishia, kwa sababu niliiona ile luku ndiyo ndoa yangu. Lakini umeme ulipokatika, nilimwona bwana akiinua macho taratibu kuitazama feni inavyopunguza mwendo mpaka inasimama. Nilijua mawazo yamefika wapi. Wanawake wengine wanaogopa marashi kwenye kanzu. Mimi niliogopa feni kusimama.

Ndiyo maana niliziombea nguzo dua. Msinicheke. Nilisikia kwamba Kibamba ya ndani wamepimiwa, nguzo zitafika, nikasema Mola wangu, zifike. Nguzo zikifika, nani atakodi sanduku? Masanduku yakikosa wateja, Bi Mdogo atakuwa mwanamke kama wengine, mwenye nyumba yenye swichi ukutani na mume wa zamu, na hapo tungeshindana kwa mapishi, ambako simwogopi mtu.

Nguzo zikafika kweli. Nilikwenda kuziona kwa macho yangu zikisimikwa. Mtaa mzima ulitoka, wanawake wanapiga vigelegele, watoto wanawakimbilia wafanyakazi, na katika vigelegele vyote changu ndicho kilichokuwa kirefu. Nikaenda kwake kwa miguu, mwendo wa madaha, nikamkuta anakunja paneli.

"Hongera," nikamwambia. "Sasa utapumzika."

"Nipumzikie wapi, dada? Hapa pameshakuwa mjini." Akasimama, akapangusa mikono. "Nimepata pahala, ng'ambo kule ya mto Mpiji. Watu wanakata viwanja kila siku. Na giza lake, dada, usipime!"

Alilisema neno giza kwa hamu, mate yamemjaa mdomoni. Na nyuma ya guta, anakaza kamba za masanduku, alikuwa mume wangu. Naye alikuwa na hoja zake: penye viwanja vipya ndipo penye kazi ya fundi. Ile nyumba ya Kibamba waliipangisha kwa mwalimu mmoja. Bi Mdogo hakulala humo hata siku moja taa za nguzo zikiwaka. Kwa hiyo zile nguzo nilizoziombea dua zikamsukuma bwana wangu mbali zaidi, na kila alipofika Tandika kwa zamu yangu alifika amechoka, anakula, analala, anaondoka.

Ikawa ndiyo tabia yake. Kila nguzo zilipokaribia, Bi Mdogo alizitazama kama mfugaji anavyotazama kiangazi, akaanza kuulizia mbele. Watu wengine huhama wakiufuata umeme. Yeye aliuhama. Na aliacha kila mahali watu wakimlilia, kwa sababu walianza kujenga kwa masanduku yake, wakachajia simu kwake, wakazikia watu wao kwa taa zake, halafu siku waliyowasha taa za kwao wakatoka kumtafuta wamwonyeshe, wakakuta uwanja mtupu. Nilimwuliza kama haumii kuacha. Akasema, "Nimeshawafikisha." Basi.

Kilichomrudisha mume wangu si dua. Ni magoti. Yalianza kuvimba, kisha yakakataa ngazi, na fundi asiyepanda ngazi ni mshauri tu. Akawa anakaa kwenye saiti juu ya ndoo iliyofunikwa, anaelekeza vijana ambao hawasikii. Ndipo akaja na wazo lake. Aje Tandika moja kwa moja, na Bi Mdogo naye aje, apate vile vyumba viwili vya uani, tuzeeke wote pamoja kwa amani. Aliniomba kwa upole. Nikakubali kwa mdomo.

Bi Mdogo akaitwa kuja kuangalia. Nilipika siku ile kama ninayepokea mkwe. Akala, akashukuru, akakaa sebuleni na mwavuli wake mapajani, akawa anazungusha macho: tundu la umeme pale, swichi pale, taa pale, feni juu.

"Mume wangu," akasema, "hapa mie nifanye nini? Kila ukuta una tundu."

"Ukae tu," mume wangu akamjibu. "Umefanya kazi inatosha. Tuzeeke."

"Kuzeeka nitazeeka, hilo halina ishu. Ila mie nikikaa tu, nakufa."

"Basi unataka nini?"

Akamwambia anachotaka. Hakupandisha sauti, hakulia, hakumlaumu. Alimwomba talaka yake kwa adabu kama mtu anayeomba ruhusa ya kuwahi gari, akamwambia kila wema aliomtendea anaujua na anamwombea kheri. Mimi nilikuwa jikoni nimeziba mdomo kwa upande wa kanga ili furaha isitoke. Kisha nikamsikia bwana akiyatamka maneno yenyewe, taratibu, sauti imepasuka. Bi Mdogo akaja jikoni kuniaga, akasema wali wangu haujapata kutokea. Akaondoka kabla ya alasiri, ana sanduku la kupeleka mahali.

Nilishinda. Nalisema neno hilo kwa kuwa nilistahili kulisema. Mume wangu amezeekea kwangu, barazani, na kofia yake na kahawa yake, na majirani wanaopita wanamwamkia na kuniuliza mimi hali yake. Namchua magoti asubuhi na jioni. Hanifokei tena. Mara nyingine namkuta kageuza kiti chake kufuata jua, na anaponiona anasema ni kwa ajili ya magoti, na mimi nasema sawa.

Miezi michache iliyopita nilimwona Bi Mdogo tena. Zuhura na mumewe wamenunua kiwanja huko mbele kabisa ambako hata bodaboda wanasita, nami nikasema nakwenda kukiona. Kiwanja nilikwishakiona kwenye simu. Nilikwenda kwa sababu Zuhura alitaja kwamba kuna mama mrefu mwenye mwavuli anayewakodishia mafundi umeme.

Amekonda zaidi, na liwa imeingia kwenye mikunjo ya uso. Aliponiona alikuja mbio, akaniamkia shikamoo ambayo simdai tena, akanikalisha chini ya turubai. Tukaongea. Aliniuliza habari za Zuhura, za mjukuu, za shangazi. Akanisimulia aina mpya za betri, nyepesi, zinazokula haraka. Nikangoja. Maongezi yakaenda yakarudi, na lile swali nililokuwa nalingoja halikuja, mpaka nikalisema mwenyewe.

"Mzee hajambo. Magoti tu ndiyo yanamsumbua."

"Alhamdulillahi," akasema, kisha akamgeukia fundi mmoja kumwonyesha waya wa kuchomoa.

Nilikuwa nimekaa na jambo langu miaka mingi mno. Aliporudi nikamwuliza. "Nikuulize kitu, na uniambie kweli. Miaka yote ile, hukunionea wivu hata siku moja?"

Aliacha kazi. Alilifikiria swali langu kwa moyo wake wote, nilimwona, macho yake yanatafuta, anataka kunisaidia.

"Ngoja, dada... Labda lile friji lako."

"Friji?"

"La, hata friji sio kweli. Friji linakula sana." Akatafuta tena. "Sioni, dada. Samahani."

"Hata akiwa kwangu? Hukuwaza yuko na mimi?"

"Akiwa kwako si yuko kwake? Mie nilikuwaga na kazi." Kisha akanitazama, mdomo umeachia kidogo na mwanya umeonekana. "Kwani wewe, dada, ulikuwa unanionea?"

"Mimi?" nikasema. "Nikuonee wivu kwa lipi?"

Akacheka, akanishika mkono, akasema ndivyo alivyojua siku zote, kwamba yeye kapata bahati ya mwenza asiye na makuu. Akanisindikiza mpaka penye bodaboda akinifunika kwa mwavuli wake. Aliniagiza nimsalimie Zuhura. Nimsalimie shangazi. Nikapanda, nikageuka, yeye alikwisha kurudi kwenye paneli zake.

Nilifika Tandika jua bado lipo. Bwana alikuwa barazani. Akayatazama mavumbi kwenye miguu yangu kwa muda, akakizungusha kikombe mkononi.

"Umemwona?"

"Nani?"

Akainama mbele. Mtu mzima yule, mvi mpaka kwenye nyusi, ananitazama kama mtoto anayesubiri mkono wa mama utoke mkobani.

"Nimemwona," nikasema.

"Mzima?"

"Mzima."

Akatikisa kichwa. Nikavua viatu. Nikaanza kufungua mlango.

"Hakusema kitu?"

Ukweli ulikuwa kwenye ulimi wangu. Ningesema neno moja tu na yule mwanamke angetoka barazani kwangu asirudi tena, na aliyenipa silaha hiyo ni yeye mwenyewe, bila kujua, kwa wema wake. Nilimtazama huyu mzee niliyempigania. Mikono yake imeshika kikombe ambacho kimekwisha kahawa.

"Anakusalimu sana," nikamwambia. "Anasema hayo magoti uyatunze."

"Alisema hivyo? Magoti?"

"Kayataja mwenyewe."

Uso wake ukafunguka wote. Akacheka kidogo, peke yake, akarudia kwa sauti ndogo, "Magoti," akaegemea kiti akafumba macho. Nikaingia ndani kuchukua mafuta ya kumchulia, nikizionea wivu salamu nilizozitunga mwenyewe.